Maji ya Bati Letu na Haki ya Jirani wa Chini: Matuta ya Mboga kwa Wakaazi wa Mteremkoni



Himda zote ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe wote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu, leo tunaomba tuzungumze juu ya udongo. Huenda baadhi yenu mkashangaa, kwani mmezoea kutukuta hapa tukizungumzia adabu za mwanafunzi au maandalizi ya Ramadhani. Lakini kila mwaka ikifika Machi na Aprili, mvua inapovipiga vilima vilivyo juu yetu hapa Ruziba, tunayasikia malalamiko yale yale nje ya msikiti baada ya swala. Mmoja maji yameingia jikoni kwake, mwingine ukuta wa choo umelala, mwingine lengalenga zake zimefunikwa na tope usiku mmoja. Na malalamiko yote yana sura moja: wa chini anamlaumu wa juu, na wa juu anajibu kwamba mvua ni ya Mwenyezi Mungu, yeye afanye nini?

Sisi tunaona jawabu hilo halitoshi. Mvua ni ya Mwenyezi Mungu, hilo halina shaka. Lakini bati ni la mwenye nyumba, sakafu ya ua ni ya mwenye nyumba, na ule mtaro uliotoboa ukuta kumwelekea jirani ulichimbwa kwa mkono wa mtu. Na tunaona pia kwamba dawa iliyo karibu zaidi na uwezo wa familia ya kawaida, kabla ya kusubiri mradi wowote au mfuko mmoja wa saruji, ni matuta ya mboga yaliyojengwa sawasawa kuukata mteremko. Kwa kazi moja watoto wanapata mboga na jirani wa chini anapata haki yake.

Kwa wanaotusoma kutoka mbali: Ruziba iko kusini mwa Bujumbura, kwenye barabara ya kwenda Rumonge. Magharibi ni Ziwa Tanganyika, mashariki ni vilima. Huku chini ni tambarare, ndiko kwenye wavuvi na wauza mukeke na ndagala. Ukipandisha kidogo tu ardhi inaanza kuinama, na miaka hii nyumba zimezidi kupanda nayo. Ziwa liko kwenye mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari, na mgongo wa milima nyuma yetu unapita mita 2,000, na kati ya hayo mawili hata kilomita thelathini hazifiki. Maji yanayoshuka mlima wa namna hiyo hayatembei, yanakimbia. Tuliyaona mwezi wa Februari 2014, upande wa kaskazini mwa mji, Kamenge, Kinama na Buterere, usiku mmoja wa mvua ulipoua makumi ya watu na kubomoa nyumba nyingi. Tuliyaona tena mwaka 2015 Gitaza, kwenye barabara yetu hii hii ya Rumonge.

Tuseme mapema ili asiwepo wa kudanganyika: tuta la mboga halizuii mafuriko ya namna ile. Mto ukishaamua kuhama, au korongo likishaanza kula nyumba, hiyo ni kazi ya serikali na wahandisi. Sisi tunazungumzia maji madogo, yale ya kila mvua, yanayotoka kwenye ua mmoja kwenda ua mwingine. Lakini maji madogo ya nyumba mia yakikutana kwenye njia moja hayaitwi tena madogo.

Wanafunzi wetu wa hesabu wanaweza kuthibitisha. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba ndogo yenye bati la mita 6 kwa 7 ina mita za mraba 42. Ikinyesha milimita 20, jambo la kawaida kabisa kwetu kwa mvua moja nzito, bati hilo peke yake linamwaga lita 840. Hayo ni madumu 42 ya lita ishirini. Nyumba kumi kwenye mstari mmoja wa kilima zinamwaga lita 8,400, na hatujahesabu ua zilizosakafiwa, ambazo nazo hazinywi tone. Zamani pale palikuwa na nyasi, migomba na mihogo, na sehemu kubwa ya maji hayo iliingia ardhini. Mvua haikuongezeka kwa sababu tumejenga. Kilichopungua ni mahali pa kuipokea.

Sasa, sisi ni walimu wa madrasa, na mwalimu wa madrasa akitaja maji mlimani hawezi kuipita kesi ya Zubayr bin al-Awwam (R.A.). Wanafunzi wa darasa la juu wanaikumbuka, imo katika Bukhari na Muslim. Zubayr aligombana na mtu mmoja katika Ansari juu ya mifereji ya al-Harra, ile ardhi ya mawe meusi ya Madina, waliyokuwa wakinyweshea mitende. Shamba la Zubayr lilikuwa juu. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza kwanza anyweshe kisha amwachilie jirani yake maji. Yule mtu alipokasirika na kusema neno lisilofaa, Mtume (S.A.W.) akampa Zubayr haki yake kamili, kwamba ayazuie maji mpaka yafike kwenye kingo. Wanazuoni wakakikadiria kipimo hicho kuwa ni kufika kwenye vifundo vya miguu, kisha maji yateremke kwa anayefuata.

Tunajua kesi ile ilihusu maji yanayotakiwa, na sisi hapa tunalalamikia maji yasiyotakiwa. Mwanafunzi hodari atatuuliza hilo, na ana haki. Lakini angalieni mambo mawili. Kwanza, wa juu ndiye anayeanza, kwa haki na kwa wajibu pia. Pili, kwake maji yana mahali pa kusimama, yana kipimo cha kusimama, na yana namna ya kutoka kwenda kwa mwenzake. Mahali, kipimo na njia ya kutokea ndiyo mambo matatu ambayo ua nyingi za mteremkoni kwetu hazina hata moja. Mkiongeza hapo ile kanuni kubwa ya fiqhi ya kutodhuru wala kulipizana madhara, sisi hatuoni namna ya kukwepa: mtu anayesakafia ua wake wote, akakusanya maji ya bati kwenye bomba moja na kulielekeza kwenye ukuta wa jirani, amemdhulumu jirani, hata kama kiwanja ni chake na hati anayo mkononi.

Tuje kwenye kazi yenyewe.

Tuta la mteremkoni haliko kama tuta la tambarare. Kwenye tambarare unaweza kulielekeza utakako. Mlimani lazima lilale kukata mteremko, na lilale kwa usawa kabisa kutoka ncha moja hadi nyingine. Likiinama kidogo tu upande mmoja, maji yote yatakimbilia huko, yatapasua pembe, na tuta litakuwa limemtengenezea jirani mfereji mpya. Tumeyaona matuta mazuri, yenye mawe mazuri, yaliyofanya madhara kwa sababu mwenyewe alipima kwa jicho. Jicho mlimani ni mwongo.

Pima maji ya fundi mwashi inafaa, lakini si kila nyumba inayo, na yake ni fupi. Tengenezeni fremu ya herufi A. Chukueni miti miwili iliyonyooka ya urefu wa mita mbili, ifungeni juu, iachanisheni miguu, kisha fungeni mti wa tatu katikati kwa kukata. Kutoka kileleni ning'inizeni kamba yenye jiwe, ndiyo timazi yenu, ishuke mpaka ipite chini ya mti wa kukata. Simamisheni fremu juu ya vigingi viwili, wekeni alama pale kamba inapokata mti. Kisha igeuzeni, mguu wa kushoto ukae kwenye kigingi cha kulia, na wa kulia kushoto, wekeni alama ya pili. Katikati ya alama mbili hizo ndiyo alama ya usawa. Kuanzia hapo mnatembea na fremu mlimani, mguu mmoja hadi mwingine, na kila kamba inapogusa alama ya katikati mnapiga kigingi. Mkimaliza mtaona vigingi vimejipanga kwa mstari unaopindapinda kufuata kilima. Msiunyooshe. Huo ndio mstari wa usawa, na wenye macho ya kupenda mistari iliyonyooka watavumilia.

Vijana wetu wa madrasa waliitengeneza fremu hiyo kwa mchana mmoja, na tunakiri kwamba walilielewa somo la pembetatu siku ile kuliko siku zote za ubao.

Jambo la pili ni upana, na hapa ndipo familia nyingi zinapopoteza nguvu na pesa. Watu wanataka tuta pana. Fanyeni hesabu hii. Tuseme kilima chenu kinashuka sentimita 30 kwa kila mita moja, na mnataka tuta la urefu wa mita 3. Likiwa na upana wa sentimita 80, ukingo wa chini utahitaji kuinuliwa sentimita 24 ili juu pawe sawa, na udongo wa kujazia utakuwa karibu mita za ujazo 0.3, yaani toroli kama tano. Mkiliongeza likawa na upana wa mita 1.6, ukingo unakuwa sentimita 48 na udongo unapita mita ya ujazo moja, toroli kama kumi na tisa. Upana umezidi mara mbili, mzigo umezidi mara nne. Matuta mawili membamba yanawapa eneo lile lile kwa nusu ya udongo, na kuta zake ni fupi, haziwezi kumwangukia mtoto. Kadiri kilima kinavyosimama, tuta liwe jembamba zaidi. Na ukuta usipite sentimita 50. Anayehitaji ukuta mrefu kuliko huo anahitaji fundi.

Ukuta wa nini? Chochote kilichopo. Mawe ni bora kuliko vyote, yakipangwa bila saruji: chimbeni msingi wa kina cha kiganja, makubwa yatangulie chini, kila jiwe lifunike mshono wa mawili yaliyo chini yake, na ukuta mzima uegemee kidogo kilimani. Nyuma yake wekeni kokoto ili maji yapenye. Wanaopenda saruji tunawakumbusha kwamba maji yaliyofungiwa nyuma ya ukuta usio na matundu huusukuma mpaka uanguke, kwa hiyo saruji bila matundu ya kutolea maji ni hasara mara mbili. Lakini tunaomba sana, msiende kung'oa mawe kwenye kingo za mto Kanyosha wala mto Mugere, wala kwenye midomo ya makorongo. Mawe yale ndiyo yanayoshikilia ukingo. Ni ajabu mtu kujenga tuta la kuzuia mmomonyoko kwa mawe yaliyoanzisha mmomonyoko kwingine.

Asiye na mawe atumie magunia ya mchele yaliyotumika. Yajazwe udongo robo tatu, mdomo ukunjwe chini, yalazwe kama matofali na kukanyagwa. Kasoro yake ni kwamba gunia la plastiki huliwa na jua, na likiachwa wazi linachanika baada ya mwaka mmoja au miwili na kutawanya nyuzi zake. Yapakeni tope au mpande viazi vitamu vianguke juu yake kama pazia, na matembele mtakula. Vigogo vya mgomba vilivyokwisha kuzaa navyo ni ukuta mzuri wa msimu mmoja, vizuieni kwa vigingi tu. Vitaoza, lakini vikioza vimekuwa mbolea. Fito zilizosukwa kati ya vigingi zinafaa pia, mchwa wakiruhusu.

Udongo wa juu, ule mweusi, ukusanyeni pembeni kabla ya kuchimba chochote. Ndio utajiri wenyewe, na mara nyingi haufiki hata kina cha kiganja. Udongo mwekundu wa chini ndio wa kujazia, kisha nyasi kavu na majani ya mgomba, kisha ule mweusi uliochanganywa na samadi ya mbuzi iliyokaa mpaka haina joto. Sisi wa Ruziba tuna bahati ya mabaki ya samaki. Yazikwe ndani sana, la sivyo mbwa wa mtaa wote watalima badala yenu.

Kwa nini tunasisitiza udongo wa juu? Kwa sababu kuna historia. Huko Tanganyika, kwenye milima ya Uluguru juu ya Morogoro, serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliwalazimisha wakulima kuchonga ngazi za mashamba mlimani katika miaka ya 1950. Kazi ilikuwa ya amri, na waliokaidi waliadhibiwa. Lakini udongo mzuri wa Uluguru ni mwembamba, na kuchonga ngazi kulileta juu udongo wa chini usio na rutuba, mazao yakawa duni. Mwaka 1955 ghasia zikatokea Matombo, na mpango ukaachwa. Wataalamu hawakukosea kusema kwamba milima inamomonyoka. Walikosea kudhani kwamba mwenye shamba hana cha kuwaambia.

Linganisheni na Wamatengo wa Mbinga, kusini mwa Tanzania. Wao kwa zaidi ya miaka mia wanalima milima mikali kwa mashimo wanayoyaita ngoro. Wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga kwa miraba juu ya mteremko, wanawake hufunika nyasi kwa udongo wanaouchimba katikati ya kila mraba, na hapo juu ya kingo hupandwa maharage. Shimo la katikati hukamata maji na udongo unaoshuka, na nyasi zilizozikwa huoza na kuwa mbolea. Hakuna aliyewalazimisha, na kilima kizima hufanana na sega la nyuki. Au nendeni Machakos na Makueni, Kenya, kwenye ngazi za fanya juu, ambazo jina lake ni la Kiswahili hata katika vitabu vya Wazungu: mkulima anachimba mfereji kwa mstari wa usawa na kuutupia udongo upande wa juu, na mvua zenyewe, mwaka baada ya mwaka, zinaujaza mpaka shamba linakuwa tambarare. Matuta yetu ni ndugu wadogo wa hayo yote.

Nasi Burundi hatuko nyuma kwa kujua. Wazee wetu wanajua mabingobingo yanavyoshika ukingo wa shamba, na mwaka 2018 ulianzishwa mpango wa taifa wa kupanda miti, Ewe Burundi Urambaye. Kinachokosekana ni kule mjini, kwenye ua zetu za mita kumi kwa kumi na tano, ambako mtu anadhani mambo ya mmomonyoko ni ya wakulima wa milimani, na yeye ni mtu wa mji.

Turudi kwenye tuta. Tumesema lilale sawa, liwe jembamba, ukuta uwe mfupi. Limebaki lile la njia ya kutokea, na hili ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Tuta haliwezi kumeza lita 840. Likijaa, maji yatatafuta pa kutokea, na msipoyachagulia yatachagua yenyewe, kwa kawaida pale ukuta ulipo dhaifu. Kwa hiyo acheni mwanya kwenye ncha moja ya kila tuta, ushuke kama vidole vinne kuliko ukingo, na chini yake wekeni mawe bapa ili maji yakianguka yasichimbe. Mwanya wa tuta la juu ukiwa kulia, wa linalofuata uwe kushoto. Maji yatateremka kwa kuzungukazunguka, yakiacha tope lake kila ngazi, na yatakapofika kwenye mpaka yatakuwa machache na yanatembea. Yatoke wapi pale mpakani? Hilo si la kuamua peke yako. Mwite jirani wa chini, mwonyeshe, mkubaliane. Ikiwa kuna mtaro wa barabara, yaelekezwe huko. Ikiwa hakuna, mwanya wako uangukie juu ya tuta lake na si juu ya ukuta wake.

Na bati? Pipa kwanza. Hata mapipa mawili ya lita 200 yanapunguza karibu nusu ya ile hesabu yetu ya mwanzo, na maji yake mtayashukuru wiki ya kwanza ya kiangazi. Yafunikeni kwa ajili ya watoto na mbu.

Hadhari mbili zaidi. Msijenge tuta kugusa ukuta wa nyumba, kwani unyevu utapanda kwenye matofali. Na anayeishi kando ya korongo asijenge matuta ya kunywesha maji ukingoni pake. Ardhi ya pale ikilewa maji huteleza kwa pande zima. Pale pandeni nyasi na miti, na maji ya bati yapelekwe mbali na ukingo.

Tunayo matuta saba hapa madrasani, kwenye mteremko ulio chini ya mabomba ya udhu, kila moja mita 3 kwa sentimita 80, mengine ya mawe na mengine ya magunia. Gharama yetu ilikuwa misumari, kamba na nauli ya samadi. Maji ya udhu ndiyo yanayoyanywesha kiangazi. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i maji hayo ni mustaamal, ni tohara lakini hayatawadhiwi tena. Lengalenga hazina neno nayo. Maji ya kufulia yenye sabuni ni habari nyingine, hayo msiyamwage kwenye majani. Lengalenga tunavuna baada ya wiki tatu au nne, intore na pilipili huchukua muda mrefu zaidi lakini huzaa kwa miezi, vitunguu tunavipanda kati yake, na ukingoni tumeweka mchaichai kwa sababu mizizi yake inashika na kwa sababu walimu wanapenda chai.

Baadhi ya wazazi wametuambia: sisi ni wapangaji, tujenge kwenye kiwanja cha mtu? Tunaelewa. Kwao ni magunia na vigogo vya migomba, vinavyoondoka na mwenyewe au kuoza bila deni, na wamwombe ruhusa mwenye nyumba kwanza. Tunadhani wenye nyumba wengi watakubali, kwani ukuta unaookolewa ni wao. Wengine wamesema mboga sokoni zipo. Zipo, lakini akina mama wanaokwenda sokoni kila siku wanajua bei zimefika wapi tangu uhaba wa mafuta ya gari ulipofanya kila kinachosafirishwa kiwe ghali. Na kuna waliosema kwamba zile kazi za pamoja za Jumamosi asubuhi zinatosha. Kazi za Jumamosi zinasafisha mtaro wa umma. Tope linaloujaza mtaro huo linatoka kwenye ua zetu kuanzia Jumapili hadi Ijumaa.

Tusisahau pia kule tope linakoishia. Nchi nne zinazolizunguka Ziwa Tanganyika zilitia saini mkataba wa kulihifadhi mwaka 2003 huko Dar es Salaam, na miongoni mwa mambo yaliyotajwa na wataalamu kabla ya hapo kuwa ni hatari kwa ziwa ni udongo unaoshuka kutoka milimani na kufunika mawe ya pwani ambako samaki wengi hula na kuzaliana. Sisi wa Ruziba tunaishi katikati kabisa ya safari hiyo. Udongo wa jirani wa juu unapita kwetu, wetu unapita kwa jirani wa chini, na wote unaishia mbele ya mitumbwi ya ndugu zetu wavuvi.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi. Kila mstari wa nyumba, kuanzia iliyo juu kabisa, wakutane kabla ya mvua za Septemba, wapime mteremko kwa pamoja na wakubaliane maji yatapita wapi. Wa juu aanze kujenga, kwani wa chini akianza peke yake matuta yake yatazikwa na tope la mvua ya kwanza. Ikiwa wa juu ni mjane au mzee asiye na nguvu, vijana wa mstari wote wamjengee yeye mbele ya nyumba zao. Miezi hii ya kiangazi, kuanzia Juni, ndiyo ya kazi hiyo: udongo ni mkavu, mawe yanaonekana, na wanafunzi wana likizo.

Fremu ya A imeegemezwa nyuma ya mlango wa darasa la pili, pamoja na vigingi vyake. Anayeihitaji aje baada ya swala ya Alasiri, siku yoyote isipokuwa Ijumaa, na vijana wawili wa madrasa watakwenda naye kumwonyesha inavyotumika. Tunaomba jambo moja tu kwa anayekuja kuiazima: aje pamoja na jirani yake wa chini.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaam alaykum.